Wamekuita Tena Kwenye Mizani

Mpendwa Baba Moraa,

Ijumaa iliyopita wamekuita tena kwenye mizani. Wamekutaja kwa jina lako, Onchari, mbele ya vikapu na mbele ya watu, wakakuvalisha glavu, wakakuingiza ulingoni upigane na bingwa wa sasa wa shamba letu. Na huyo bingwa wa sasa, kama huko uliko habari hazifiki, ni Momanyi, mwanao, yule uliyemwacha akijificha nyuma ya sketi yangu kila mgeni alipopiga hodi. Jina lako lilipotajwa, alipiga chafya.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na najua ungekuwepo ungeniambia, "Wewe mwanamke, kwa baridi ya hapa hata ng'ombe hupiga chafya." Ndivyo ulivyoniambia safari ile. Kwa hivyo nimekaa chini nikuandikie. Kuandika nilijifunza baada ya wewe kwenda, kwenye masomo ya ngumbaru pale kanisani, basi ukiona herufi zimelala upande usinicheke. Sina posta ya kuipelekea barua hii. Nimeiandika wazi, na atakaye aisome, hasa hao vijana wa mizani.

Momanyi anapigana kesho, pigano la kweli, na kijana aliyetoka Eldoret. Anayeshinda atachukuliwa kazi mjini, awe anapigana huko na kulipwa mshahara, na nyumba ya mawe juu yake. Unayajua maneno hayo. Wewe pia uliambiwa hivyo hivyo, na kabla ya wiki kwisha tukakuzika. Sitaki kuzika mwingine.

Acha kwanza nikukumbushe, kwa sababu sijui wafu hukumbuka nini.

Ulikuwa mpogoaji. Bendera ilikuwa bado mpya, wazungu wa shamba walikuwa wamejifunza kutusalimia, na wewe ulikuwa unakata michai kwa panga tangu asubuhi hadi saa nane, halafu unakwenda kwenye ukumbi wa kambi kupiga gunia lililojazwa vumbi la chai. Ulikuwa ukirudi nyumbani unanukia chai kuliko mimi niliyeichuma. Mabega yako yalikuwa hayaingii kwenye koti la harusi. Ngumi yako uliyojulikana kwayo ilikuwa ile ya chini, ya mbavuni, ambayo mtu hakuiona ikija. Alijisikia tu amekaa. Lakini nyumbani ulikuwa mpole mno. Vitambaa vya kufunga mikono yako vilitoka kwenye leso yangu ya zamani, niliyoichana mwenyewe vipande virefu. Nilikufunga mkono mmoja mmoja, na wewe ukanitania, "Kaza, Mama Moraa. Nikipiga mtu leo, nusu ya ngumi ni yako." Nilikuwa navifua vitambaa hivyo na kuvianika pamoja na nepi za Momanyi, na majirani wakawa hawajui kipi ni kipi. Nilikuwa na furaha siku hizo, Onchari. Naandika hivyo bila haya.

Sasa, ile mizani. Unaikumbuka: kibanda cha mabati kando ya barabara ya matope, ndoano ikining'inia katikati, sisi wachumaji tumepanga mstari na vikapu vyetu, mvua imetupiga, na trekta ya kubeba majani haijafika. Ijumaa ndipo ilipokuwa ikichelewa zaidi. Ulikuwa ukitoka kupogoa unapita hapo kunibebea kikapu, jambo ambalo wanaume wengine walikucheka kwalo kwa mbali, maana karibu hawakuthubutu. Na mwenye mizani alikuwa karani Wafula, mtu wa Bungoma, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

Ijumaa moja wazee wa Kipsigis walianzisha ubishi. Walisema nyinyi mabondia wa siku hizi mnacheza tu, kwamba bingwa alikuwa mmoja, Tonui wa Chepseon, wa enzi ya mkoloni. Tonui hakuwahi kuangushwa na mtu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukija kutoka pembeni, kwa mzunguko, na aliyepigwa nao aliamka akiuliza ameoa nani. Baridi ya Kericho ndiyo iliyomweza. Aliloa siku moja, akashikwa na mapafu, akafa angali bingwa. Watu wetu wa Kisii wakajibu kwamba Tonui alipigana na wapishi na matopasi, na kwamba Onchari angemlaza kabla hajavua koti. Waluhya wakakubaliana nasi, jambo la ajabu kidogo. Kelele ikawa kubwa, nyapara akashindwa.

"Sasa tutajuaje na mmoja yuko kaburini?" mtu akauliza.

"Tutajua leo leo," Wafula akasema. Akachukua kikombe chake cha bati, akakiweka mdomoni, na ile sauti ya mtangazaji wa redio ikatoka. "Mabibi na mabwana! Kona ya huku, Onchari wa Kisii! Na kona ya kule, kutoka Chepseon, mnayemjua wote, hajapigwa hata siku moja... Tonui!"

Ukapiga chafya. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, kikapu changu begani, ukapiga chafya moja kubwa hadi majani yakaruka.

Watu walicheka wakashika matumbo. "Ameshaogopa!" walisema. Ni mmoja tu aliyenyamaza, Bot Chepkoech, yaani mama yake Chepkoech, yule mwenyeji wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akichuma pamoja nasi na kutuuzia maziwa. Alinivuta kando kwa mkono.

"Mama Moraa, hii mchezo si msuri," akaniambia. "Kwetu sisi jina ya mtu amekufa haiitwi hivi hivi. Inaitwa tu siku mtoto amesaliwa. Wamama wanakaa chini, wanaita wasee wenye walienda, mmoja mmoja. Ile jina mtoto atapiga chafya, basi huyo ndiye amekuja."

"Lakini hapa hakuna mtoto," nikasema.

"Hiyo ndiyo naogopa. Wamemwita na hakuna mtoto. Sasa ataingia wapi?"

Nilikusimulia jioni hiyo tukila. Ulicheka ukasema sisi ni watu wa kanisa, na ukaongeza ile ya ng'ombe na baridi. Mimi pia nikacheka. Mtu akicheka na mume wake, mbele ya moto, ugali wa wimbi uko mezani, ni vigumu kuogopa.

Pigano lile la Wafula lilikwenda raundi moja kila Ijumaa. Mtu angedhani ni kitu cha kweli. Watu wakawa wanachuma haraka wawahi mstari. Raundi ya kwanza wewe ulishinda. Wakipsigis wakakasirika wakasema Wafula ananunuliwa kwa ndizi za Kisii. Raundi ya pili Tonui akakupiga na ule mkono wa kushoto, Wafula akaanguka yeye mwenyewe chini ya mizani kutuonyesha, na watu wetu wakazomea. Ulikuwa unasimama pale ukitabasamu kama mtu anayesikia habari za jirani.

Kisha tabasamu likaondoka. Sijui ni Ijumaa ipi hasa. Nilianza kuona unabaki nyuma na wale wazee, unawauliza. "Huo mkono ulikuwa unatoka wapi? Bega lilishuka kwanza, au mguu?" Nao wazee, jinsi wanavyopenda kuulizwa, walitupa fimbo chini wakakuonyesha. Mmoja alisema bega. Mwingine akasema hapana, jicho. Tonui alikuwa anafumba jicho kidogo, halafu mkono unakuja. Ulirudi nyumbani na maneno hayo ukayarudia kwa sauti ya chini hadi uji ukapoa.

Baadaye ukaanza kukaa vibaya. Hilo nililiona mapema kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nakuandalia chakula. Ulikuwa unakula kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umeuinua kwenye shavu, kama mtu mwenye jino bovu. Nilikuuliza mara moja kama jino linauma. Ulishtuka, ukaushusha mkono, ukasema, "Nilikuwa nafikiri tu." Kidogo ukapanda tena. Moraa akawa anakuiga mezani, mkono shavuni, na ukamkaripia vikali, wewe ambaye hukuwahi kumpandishia mtoto sauti. Akalia. Ukainuka ukaenda nje kwenye mvua na gunia lako la vumbi.

Nilikufuata mlangoni nikakutazama. Ulikuwa hupigi gunia. Ulikuwa unalizunguka, unainama, unakwepa kitu kinachotoka upande wa kulia wako, tena na tena, na mkono wa kushoto umening'inia chini hauna kazi. Nilijua kidogo habari za ngumi, nimekaa viti vya mbele mara nyingi. Nikasema, "Baba Moraa, huko kwingine kote kuko wazi."

"Huko hapigi," ukanijibu.

Hukusema ni nani. Sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nikarudi ndani kuongeza kuni.

Wakati huo pigano la kweli lilikuwa limetangazwa. Kijana wa Nakuru atakuja, mkubwa wa michezo atakuwepo, atakayeshinda ataondoka na kazi. Kila mtu kambini alisema jambo moja, kwamba huyo kijana silaha yake ni mkono wa kulia, konde la moja kwa moja. Wenzako wa ukumbini walikwambia. Hata mimi nilikwambia, na mimi nilisikia kwa muuza mafuta ya taa. Ulikuwa unaitikia "ndiyo, ndiyo," macho yako yakitazama kando yangu.

Ijumaa ya kuamkia siku hiyo, Wafula alitakiwa kutoa raundi ya mwisho. Mstari haujawahi kuwa mrefu vile. Hata watu wa kiwandani walikuja. Wafula alichukua kikombe chake, akakiweka mdomoni, halafu akakishusha. Sijui ni nini kilimpata. Alikutazama wewe, ukiwa umesimama kando yangu na mkono shavuni, rangi ikamtoka.

"Hiyo ya mwisho," akasema kwa sauti yake ya kawaida, "mtaiona wenyewe kesho."

Watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi wa msimulizi. Bot Chepkoech alichukua kikapu chake hata kabla ya kupimiwa, akaondoka.

Sitakusimulia pigano. Ulikuwepo, ijapokuwa sina hakika ulikuwepo. Nilikufunga vitambaa mimi mwenyewe, na hukunitania. Kengele ilipolia ulipanda ulingoni ukasimama vile vile ulivyokuwa ukisimama mbele ya gunia, mkono wa kulia umeganda shavuni, wa kushoto chini, unakwepa ngumi ambazo hakuna aliyezirusha. Kijana wa Nakuru alishangaa. Nilimwona akimtazama refa, kama anauliza kama wewe ni mzima. Halafu akafanya kilichomleta. Mkono wake wa kulia uliingia pale palipokuwa wazi, na ukaingia tena, na tena, na kila mara wewe ulikuwa unageuza kichwa upande mwingine. Watu wetu walipiga kelele, "Onchari! Mbele yako! Mbele yako!" Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika.

Ulirudi kwenye lori umekaa wima, uso umevimba upande mmoja tu. Nilikukanda kwa maji ya chumvi. Ulikuwa mtulivu, hata ulikuwa na furaha fulani, na ukaniambia maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii na sijamwambia hata mchungaji.

"Mama Moraa, mimi sikupigana na yule kijana. Nilipigana na Tonui. Na nilikuwa namshinda."

Jumapili uliamka ukasema kichwa kinauma. Ulikunywa uji ukatapika. Tulikwenda kwa mganga wa zahanati ya shamba, akakupa vidonge akasema ulale. Jumatatu kengele ya kazi ilipolia hukuamka, nami nilikuita kwa jina lako lote na hukusikia.

Basi huyo Tonui ndiye aliyekuja alipoitwa. Mimi bado ni mtu wa kanisa. Ninaimba kwaya, natoa sadaka, na mtu akiniuliza kama naamini mambo ya Bot Chepkoech nitasema siamini. Lakini nimechuma chai chini ya kilima hiki zaidi ya nusu ya maisha yangu, na najua tofauti kati ya wingu la kupita na wingu la mvua ya mawe bila kuelezwa na mtu.

Momanyi nilimkataza ngumi tangu utoto. Nilimnyima hata kutazama. Nilimpeleka shule, akasoma mpaka darasa la saba, akapata kazi kiwandani kwenye vitanda vya kunyaushia majani, na nikamshukuru Mungu kwamba ni kazi ya ndani. Maji hufuata mkondo. Siku moja nikaanika nguo zake nikaona vitambaa virefu vimefichwa ndani ya suruali. Nikaketi pale chini ya kamba ya nguo, nguo zote zikaanguka kwenye matope. Alipokuja hakukana. "Mama, ni mchezo tu," akasema. "Na wananiambia napiga kama baba." Uso wake ulikuwa uking'aa. Alipewa nini kingine chako? Koti moja, na picha yenye kona iliyoliwa na mende. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya hilo.

Amekuwa bingwa. Nakwambia kwa uchungu na kwa majivuno, ukiweza kuvitenganisha vitenganishe wewe.

Na vijana wakaanza ule ubishi. Huyu na baba yake, nani zaidi? Wa zamani walikuwa na nguvu, wa sasa wana mbio. Nilipata habari kutoka kwa Moraa, binti yako, ambaye sasa ni mke wa mtu wa kwetu anayefanya kazi ya boila kiwandani, na ana watoto. Nilikwenda moja kwa moja kwa Wafula. Amezeeka, meno yamemtoka, anangoja kustaafu arudi Bungoma, lakini mizani bado ni yake.

"Wafula," nikamwambia, "hujashiba?"

Alinishika mikono yote miwili. "Mama Moraa, haki ya Mungu si mimi. Nilitoka likizo nikakuta wamefika raundi ya pili. Kijana mmoja ako na kikombe, anatangaza kama mimi. Nikawaambia Onchari alishaanguka, nikamhesabu mpaka kumi, nikasema mchezo umekwisha. Wakaniambia, 'Mzee, wewe wacha, hujui.' Wakamwamsha."

"Wakamwamsha?"

"Wakasema ameinuka. Sasa mimi nifanye nini?"

Alikuwa analia, Onchari. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ijumaa nikasimama mwenyewe kwenye mstari, nikawaambia vijana waache. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniamkia vizuri, "Mama, shikamoo, pole mama." Nilipotoa mguu nikasikia nyuma yangu, "Kona ya kule, hajasahaulika, Onchari!" Nikageuka, na Momanyi alikuwa ameshapiga chafya, anapangusa pua kwa mkono wa shati.

Tangu siku hiyo anakaa vibaya. Si kama wewe. Yeye ameminya viwiko vyote viwili kwenye mbavu, usiku na mchana, anainama mbele kidogo, anapita mlangoni hivyo, anakunywa chai hivyo. Analinda mbavu. Anajilinda na ile ngumi yako ya chini. Na uso wake, ule uso niliomzaa nao, uko wazi kama sahani. Amewauliza wazee wote waliobaki jinsi ulivyokuwa ukiirusha. Hata mimi aliniuliza, nikampiga kofi, kijana wa miaka ile. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma akasema, "Huku hapigi, mama," na akagusa shavu alilopigwa.

Basi nikafanya jambo ambalo mchungaji akilisikia atanitenga. Jumanne Moraa amejifungua mtoto wa kiume, wa pili. Wa kwanza alichukua jina la upande wa mumewe, kwa hivyo huyu ni wetu. Nikafikiri hivi: kama kosa lilikuwa kumwita mfu pasipo na mtoto, basi sasa mtoto yupo. Nikuite vizuri, kwa heshima, uje ukae ndani ya mjukuu wako, unyonye, ulale, ukue upya, uache mambo ya ulingo. Aliyekwisha kuingia kwa mtoto hawezi kuitwa kwenye mizani. Nilivuka mto kwenda kumwomba Bot Chepkoech. Ni bibi kizee sasa, anatembea na fimbo. Aliniambia hii ni ya kwao, si yetu, hajui kama wazee wa Kisii wataelewa wakiitwa na Mkipsigis. Nikamwambia wazee wetu wa Kisii wanaelewa wakitaka. Akaja.

Tulikaa wanawake watupu nyumbani kwa Moraa, mchana, mvua ikipiga mabati. Bot Chepkoech alimshika mtoto, akampaka tumbaku ya kunusa kidogo sana chini ya pua. Mimi ndiye niliyetaja majina.

Nilianza na lako. "Onchari." Mtoto akalala tu. Nikalitaja tena. Nikalitaja kwa jina la utani, kwa jina la ubatizo, kwa jina nililokuwa nakuita tukiwa wawili, mbele ya wanawake wote wale, sikujali. Mtoto alipiga miayo. Bot Chepkoech akanigusa goti akaniambia niendelee. Nikamtaja baba yako, mzee Nyakundi. Mtoto akapiga chafya safi, na wanawake wakapiga vigelegele, Moraa akacheka huku akilia, na nyumba nzima ikajaa furaha. Nilimshika mzee Nyakundi mikononi mwangu nikamkaribisha, maana yeye hana kosa.

Bot Chepkoech hakungoja chai. Nilimsindikiza hadi mtoni.

"Amekataa kuja," nikasema.

"Hajakataa," akanijibu. "Mtu akiitwa kwa upole hivyo, na hakuji, ni vile ako mahali."

"Wapi?"

Akashika fimbo yake, akavuka.

Leo ni Ijumaa. Momanyi analala chumba cha pili, na hata akilala viwiko viko mbavuni. Asubuhi lori litakuja kumchukua. Nimemwambia asiende, nimepiga magoti, nimetaja maziwa yangu aliyonyonya. Ameniinua kwa upole ule ule wako akasema, "Mama, usiogope. Namjua."

Nilikuwa nimekaa kukuandikia nikusihi usije. Nilitaka kukuambia wakikuita ukatae, uwe mkaidi kama ulivyokuwa mkaidi kwa mambo madogo, ubaki kaburini kwako pale chini ya msiparisi ambapo nyasi nakata mwenyewe. Lakini nimeandika mpaka hapa na nimeelewa kwamba nimechelewa. Umeshaingia. Najua hukuja kwa ubaya. Labda ulisikia jina lako, ukamwona mtoto uliyemwacha mdogo, ukataka kumtazama kwa karibu. Mimi pia ningekuja.

Basi sikufukuzi tena. Ninakuomba, mume wangu, maana pale ndani mimi siwezi kufika. Kesho kengele ikilia, mwachie viwiko vyake. Mwinulie mikono. Usimtazame yeye jinsi alivyo mzuri, na usikubali akutazame wewe. Mbele yenu kutakuwa na kijana wa Eldoret, mtoto wa mama mwingine, anapiga kwa mikono yote miwili. Mtazameni yeye.

Nenda salama, na umrudishe salama.

Ni mimi,
Mama wa watoto wako